Bakuli la Mawe Meupe Lililojazwa Chumvi

Goma, Jumanne. Mvua ilianza kabla ya misa ya asubuhi, nayo inanyesha bila haraka, kama mtu aliyekuja kukaa. Magoti yananiuma, lakini moyo umetulia.

Shajara yangu, leo nataka kuandika jambo moja tu. Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba simpendi mtu anayeanza habari ya mbuzi akamalizia na habari ya shangazi yake. Nitajitahidi nisiwe mtu huyo.

Asubuhi nilikwenda kununua dawa ya macho, mvua ikanifungia kwenye baraza ya duka moja la vitu vya kuchonga. Ni duka la wageni: sokwe wa mti, fimbo, vikapu. Kijana anayeuza humo alinipa kiti, nikamshukuru. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mteja mwingine, akaanza kunifanyia biashara mimi.

"Koko, angalia hii bakuli," alisema. Hapa mjini wazee wote tunaitwa Koko, yaani babu au bibi. "Iko na mawe ya kweli, ya Walikale."

Nililigeuza bakuli. Nilibonyeza jiwe moja kwa ukucha, likacheza kama jino la mtoto.

Gundi.

"Mawe ni ya kweli," nilimwambia, "lakini mti haujui kwamba umewekewa mawe."

Alicheka sana. "Koko, uko mukali! Ulikuwa fundi?"

Sikuwa fundi. Nilikuwa binti wa fundi. Tena nilikuwa mke katika nyumba ambamo bakuli la namna hiyo lilikaa rafuni likiwa limejaa chumvi, huku mimi nikisubiri lijazwe maziwa. Sikumweleza kijana yule. Nimerudi nyumbani nikaona ni afadhali niyaandike.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Baba yangu, Anselmi, alikuwa mkulima wa Burungu. Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa amechukuliwa kwenda kufanya kazi machimboni huko Walikale, mbele ya Mubi, katika msitu ambamo, kwa maneno yake, shati halikauki hata ukilianika wiki nzima. Kampuni ilitaka mawe meusi, mazito, ya bati. Mfanyakazi aliyekutwa na jiwe jeusi mfukoni alipigwa viboko. Mawe meupe yalitupwa kando kama takataka, na baba aliyapenda kwa sababu yalishika mwanga hata mahali ambapo jua halikufika.

Alirudi nyumbani na mfuko mzima wa takataka za kampuni. Mama yangu alikuwa akitarajia vitenge. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyoufungua mfuko ule na kuutazama.

"Anselmi, ulienda Walikale kuchukua mawe? Hapa Burungu mawe ilikosa?"

Na kweli, shamba letu lilikuwa na mawe kuliko viazi.

Ufundi wake niliuona kwa miaka mingi, nami naweza kuueleza. Alichonga mti wa maua mekundu, ule ambao wafugaji huuita umuko. Aliuchonga ungali mbichi, kwa tezo kwanza, kisha kwa kisu kilichopinda. Bakuli lilipopata umbo, alilifukia chini ya majani ya migomba yaliyolowana ili likauke polepole, lisipasuke. Kila mara alilifukua, akaliweka shavuni, akafumba macho. Mti wenye maji ni baridi. Ubaridi ulipokaribia kwisha, lakini haujaisha, hapo ndipo alipotoboa matundu kuzunguka ukingo, upande wa nje. Kila tundu lilikuwa dogo kidogo kuliko jiwe lake. Jiwe liligongwa likaingia kwa shida. Kisha bakuli lilirudishwa chini ya majani, na mti, kwa kuendelea kukauka, ulijikaza.

"Muti inauma jiwe," alisema. "Ikisha kuuma, haiachilie tena."

Gundi hakutumia hata siku moja.

Nilisoma kwa masista, ambao walitufundisha sarufi kwa rula mkononi, na ninawashukuru. Nilipomaliza, nilichumbiwa na Petro wa Mushaki. Watu wake walikuwa wafugaji, Wakristo kama sisi, waliouza maziwa na siagi kando ya barabara ya Sake. Sisi tulikuwa watu wa jembe. Tulisali sala zilezile, lakini desturi za nyumbani zilikuwa mbalimbali, na hakuna sista aliyenifundisha desturi za nyumba ya maziwa.

Katika nyumba ile, bibi harusi alikuja na bakuli lake. Mama mkwe alilijaza maziwa kwa mkono wake mwenyewe, akampa mke wa mwanawe anywe mbele ya watu wa nyumbani. Kuanzia hapo mke alikuwa mtu wa nyumba: aligusa vyombo vya maziwa, alichunda, yaani alisukasuka kibuyu mpaka siagi itoke. Kabla ya hapo alikuwa mgeni. Alilima, alifagia, alipika mboga, lakini akiisogelea rafu ya maziwa aliambiwa kwa upole, "Acha, mugeni wangu, utachoka."

Baba aliposikia habari ya desturi hiyo, alifurahi kama mtu aliyetumwa na Mungu. Alichagua mawe yake meupe mazuri kuliko yote, yale aliyokuwa akiyahifadhi tangu Walikale. Bakuli lile lilimchukua kiangazi kizima. Mawe yaliuzunguka ukingo wake kama shanga shingoni. Siku ya harusi alilibeba kichwani mpaka Mushaki, na mtu aliyetaka kumsaidia alikataliwa.

Mama mkwe wangu, Mama Verediana, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza taratibu kuelekea kwenye mwanga wa mlango.

"Papa Felisita," alimwambia baba, kwa kumwita kwa jina langu kama ilivyo adabu, "mikono yako ilibarikiwa. Kitu muzuri namna hii sijaona."

Akaliweka rafuni, juu kabisa.

Kesho yake halikushushwa. Wala kesho kutwa. Siku moja, watu wote wakiwa malishoni, nilisimama juu ya kigoda nikachungulia ndani yake.

Lilikuwa limejaa chumvi.

Nilimuuliza mume wangu. Petro alikuwa mtu mwema aliyeogopa vitu viwili tu, radi na mama yake. Alijikuna shingo akasema, "Umuulize Mama." Alijua vizuri kwamba siwezi. Wakati ule mke mpya hakumwuliza mama mkwe sababu ya jambo lolote.

Basi nilijipa sababu mwenyewe. Niliona kwamba wametudharau. Sisi ni watu wa jembe, bakuli letu ni bakuli la chumvi. Nilifikiri hivyo nikilima, nikafikiri hivyo nikisali rozari pamoja na mwanamke yuleyule, goti kwa goti.

Kulikuwa na jirani, Mama Koleta, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango. Kila asubuhi alinisubiri kisimani.

"Bibi harusi wa chumvi, umeamuka? Leo walikupatia maziwa, ao ungali mu mboga?"

"Habari za asubuhi, Mama Koleta," nilijibu.

"Muskie! Anasalimia kama padri!"

Wanawake walicheka mpaka wakaweka mitungi chini. Mimi nilijaza mtungi wangu na kuondoka nimenyoosha shingo. Nilipofika nyuma ya migomba nililia, kisha nikanawa uso kwa maji ya mtungi uleule, kwa hiyo nikafika nyumbani na maji pungufu, nikatumwa tena.

Maharagwe yalipandwa yakavunwa. Niliamua moyoni kwamba Noeli isingenikuta Mushaki nikiwa mgeni. Ningefunga nguo zangu nirudi Burungu, na watu waseme watakavyo. Mke aliyerudi kwao kwa miguu yake mwenyewe hakufuatwa tena na watu wa mumewe. Nililijua hilo pia.

Sikumwambia baba neno. Lakini wachukuzi wa siagi walifika mpaka soko la Kitchanga, jirani na Burungu, na siagi haisafiri bila maneno. Mtu mmoja alimwambia kwamba bakuli lake zuri limewekwa chumvi.

Mtu mwingine angefikiri kama nilivyofikiri mimi. Baba alifikiri kama fundi. Kwake yeye palikuwa na sababu moja tu ya kuweka chumvi katika bakuli la maziwa: linavuja. Alitia tezo, patasi na nyundo ya mti katika mfuko wake, akaja.

Alifika mchana. Tulikuwa nyumbani sote, pamoja na Mama Koleta aliyekuja kuomba moto, maana moto wake ulikuwa ukizimika kila alipoona mgeni akipita. Baba alipewa kiti, akakataa. Nilimwona jinsi alivyozeeka katika safari moja.

"Mama Petro, munisamehe," alisema. "Nilikuja kutengeneza bakuli yangu. Nilisikia inavuja."

"Nani alisema inavuja?"

"Munawekamo chumvi. Bakuli ya maziwa yenye kuwekwa chumvi inavuja. Hakuna sababu ingine."

 Mama Verediana alilishusha, akamwaga chumvi kwenye jani la mgomba, akampa. Baba aliomba maji. Alilijaza mpaka ukingoni, akalibeba kwa ncha za vidole mpaka mlangoni, akaliinua juu. Sote tuliinamisha vichwa tukatazama chini yake. 

Hakuna tone lililoanguka.

Alimwaga maji nje. Nilidhani atafurahi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu.

"Haivuji," alisema.

"Haivuji," alijibu mama mkwe.

"Basi shida iko kwa mutoto wangu. Alikosa nini? Museme tu, niko baba yake."

Nilimtazama Mama Verediana. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba mikono yake mirefu haikujua pa kukaa.

"Mutoto wako hakukosa kitu," alisema. "Shida njo mawe, Papa Felisita. Niko naogopa mawe yako. Koko yangu alituambiaka, maziwa ikikaa mu chombo yenye jiwe, matiti ya ng'ombe nayo inakuwa jiwe. Padri akisikia atanicheka. Lakini niko naogopa. Sikutupa bakuli yako. Nilitiamo chumvi ya nyumba yote, kitu ya bei kuliko vyote tulikuwa navyo."

"Na mbona hukusema?"

"Uliibeba kwa kichwa toka Burungu. Ningesema na kinywa gani?"

Baba alikaa kwenye kile kiti hatimaye. Alicheka kidogo kwa pua, kisha akatoa patasi.

"Ungesema tu. Nayatoa."

Mimi nilijua kitakachotokea. Mti ulikuwa umekwisha kuuma. Jiwe moja likitoka, ukingo wote unapasuka. Yeye naye alijua, na hakuwa mtu wa kuficha.

"Itapasuka," alimwambia. "Hiyo haina neno. Nitakuchongea ingine, bila mawe. Mutoto asikae mugeni sababu ya mawe ya Walikale."

Aliweka patasi kwenye jiwe la kwanza. Akainua nyundo.

"Acha."

Mama Verediana alikuwa amemshika mkono. Siku zile mama wa mume hakumgusa baba wa mke. Walisalimiana kwa mbali, kwa kuinama. Mama Koleta alisema, "Ee Mungu wangu!" na hakuna aliyemsikiliza.

Mama mkwe alilichukua bakuli. Aliwasha majani makavu, akalifukiza moshi ndani kama walivyofanya kwa vyombo vyao vyote. Alileta maziwa ya asubuhi, ya Gaju, ng'ombe wake wa rangi ya kahawia, akayamimina mpaka yakakaribia mawe.

"Ng'ombe zikikauka," alimwambia baba, "tutakuja Burungu, mutufundishe kulima maharagi."

"Mutaweza?" baba alijibu. "Mikono yenu iko laini kama siagi!"

Tulicheka, Petro kuliko wote, kwa woga uliokuwa umemtoka. Bakuli liliwekwa mikononi mwangu. Nakumbuka harufu ya moshi, mti uliopata joto, na mawe baridi chini ya vidole. Nilikunywa mbele ya baba yangu. Kesho yake nilipewa kibuyu cha kuchunda.

Wanangu nimewahi kuwasimulia mpaka hapo, na kila mara nimekomea hapo, kwa sababu panafaa kukomea. Leo nitaendelea.

Kiangazi hakikuwa kimefika, majani yalikuwa tele, na Gaju akakauka maziwa.

Alianza kwa kupunguza, kisha akafunga kabisa. Ng'ombe wengine walikamuliwa kama kawaida. Gaju tu. Kwa nini, hata leo sijui. Ng'ombe huwa na mambo yao. Lakini maziwa yake ndiyo yaliyomiminwa katika bakuli siku ile, na kilima kizima kilijua, maana Mama Koleta alikuwa amekuwapo. Niliacha kula. Kila nilipolitazama bakuli niliona nyundo ya baba ikiwa juu, na nilitamani ingeshuka.

Mama Koleta alikuja kuomba moto. Aliuliza kutoka uani, kwa sauti ya kuwafikia waliopita barabarani:

"Mama Petro, Gaju munamukamua siku hizi? Ao mawe ilianza kazi yake?"

Mama mkwe alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Gaju iko na mimba," alisema. "Ng'ombe yenye mimba inakauka. Hukujua? Basi kwenu mulifuga nini, kuku?"

Mama Koleta alichukua moto wake akaenda. Habari ilizunguka kilima kabla ya jioni, na watu wakaridhika, kwa sababu hakuna aliyewajua ng'ombe kumshinda Mama Verediana. Kama alisema mimba, ni mimba.

Lakini Petro alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akimtazama mama yake, kisha akitazama chini. Yeye ndiye aliyemchunga Gaju kila siku. Alijua kwamba hajakutana na dume. Na mama yake alijua kwamba Petro anajua.



Uongo wa namna hiyo hauishi vizuri katika nchi ya wafugaji. Mtu akikuambia ng'ombe ana mimba, unahesabu miezi, tena bila kutaka. Siku ingefika ambapo watu wangeuliza ndama yuko wapi. Mama Verediana alikuwa ameifikiria siku hiyo. Asubuhi moja alimfunga Gaju kamba, akasema anampeleka kwa kaka yake upande wa Ngungu, ambako majani ni mazuri kwa ng'ombe mwenye mimba. Petro alitaka kwenda yeye. Mama yake alikataa.

Msomaji asiyetoka kwa wafugaji nimweleze: Gaju hakuwa ng'ombe wa kuuzwa wala wa kuazimwa. Alikuwa wa uzao wa ng'ombe ambaye Mama Verediana alipewa na mama yake siku alipoolewa. Alimwita kwa jina akiwa mbali, naye akaja. Siku za mvua kubwa alimpangusa mgongo kwa kitenge chake mwenyewe.

Mama mkwe alirudi jioni ya siku iliyofuata, peke yake, matope mpaka magotini. Kamba alikuwa ameizungusha mkononi. Hakukaa. Alinawa, akalishusha bakuli la mawe, akalifukiza, akamimina maziwa ya ng'ombe mwingine, akanipa.

"Kunywa, mwana wangu," alisema. "Leo iko kidogo."

Nilikunywa. Sikumwuliza chochote, na tangu siku ile kutokuuliza hakukuwa tena kwa sababu ya desturi. Gaju hakurudi Mushaki. Kila asubuhi, mpaka kifo chake, mama mkwe alimimina maziwa katika bakuli lile, na ukingo wake haukupasuka wala jiwe halikulegea. Lilibaki rafuni siku tulipokimbia vita, miaka mingi baadaye. Sijui ni nani analo. Natumaini analitumia.

Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote. Nimesimamisha watoto wengi ukutani kwa uongo mdogo sana, nami sijuti. Mtoto lazima afundishwe. Lakini leo, shajara yangu, nimekaa na kalamu mkononi tangu saa saba, na siwezi kumsimamisha Mama Verediana ukutani.

Mimi pia ni mama mkwe. Wake wa wanangu ni wanawake wazuri. Wananiheshimu, wananipigia simu siku za Jumapili, na nadhani wananiogopa. Mmoja wao hakai nikisimama.

Kwa ajili yake, mimi nimetoa nini? Gaju wangu nimempeleka wapi?

Kesho nitampigia simu mimi, hata kama si Jumapili.